Rubani na Kituo cha Ng'ambo

Imenifikia habari, kwa kinywa cha vijana niliowatangulia katika kazi ya urubani, kwamba shirika moja la ndege nililolitumikia katika utu uzima wangu lakusudia kufungua kituo kipya katika nchi ya ng'ambo, na kwamba chama cha marubani wake kimeandika barua kutaka kujua, kabla ndege ya kwanza haijapelekwa huko, ni nani atakayewaajiri marubani wa kituo hicho, ni sheria ya nchi gani itakayoihukumu mikataba yao, na kama majina yao yataingia katika orodha moja na wenzao waliobaki nyumbani, ama watakuwa kundi la pembeni lenye mishahara yake na hofu zake. Wako waliosikia habari hiyo wakasema ni malalamiko ya watu walioshiba. Mimi sikuweza kusema hivyo, maana katika umri wangu kazini niliona zaidi ya mara moja jinsi masharti ya ajira yanavyobadilika mtu avukapo mpaka, na aghalabu hayakubadilika kwa faida ya aliyevuka.

Kazi ya rubani ina jambo ambalo kazi nyingine nyingi hazina, nalo ni kwamba mtu huweza kuamka katika nchi moja, akarusha ndege iliyosajiliwa katika nchi ya pili, akapita katika anga ya nchi ya tatu na ya nne, akalala katika ya tano, na mshahara wake ukatoka katika benki iliyo mbali na zote hizo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio msingi wa sheria za usafiri wa anga ulimwenguni, umesema katika ibara yake ya 17 kwamba ndege ina uraia wa nchi ilimosajiliwa. Ibara hiyo imeipa ndege uraia, lakini haikusema lolote juu ya kazi ya mwanadamu aliyeketi ndani yake, na waajiri wengi wamepitia katika kimya hicho.

Nilijifunza kurusha ndege katika chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya vijana wa nchi tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nilipohitimu nikapelekwa Nairobi kulitumikia Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililozaliwa mwaka 1946, na ambalo katika zama zetu lilikuwa na ndege za Super VC10 kwa safari za mbali, na DC-9, na Fokker Friendship ambayo ndiyo niliyoanzia. Mzaliwa wa Tanga mimi, nilipanga chumba Nairobi na kila alfajiri nikapanda gari la wafanyakazi kwenda uwanja wa ndege wa Embakasi, wala haikunipitia hata siku moja kwamba niko ugenini kikazi, kwa sababu vijana wa Soroti, awe Mganda, Mkenya au Mtanzania, tulikuwa na mwajiri mmoja na haki zilizoandikwa kwa kalamu moja.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika lile likafa. Kenya ilianzisha shirika lake mwezi wa Januari, Tanzania ikafunga mpaka tarehe 4 Februari, Jumuiya yenyewe ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Nilijikuta kaskazini ya mpaka uliofungwa, na mkononi nina barua ya ajira yenye nembo ya mwajiri ambaye hakuwapo tena duniani. Nilikuwa kijana, sikuwa na mke wala mtoto, na leseni yangu ilikuwa hai, kwa hiyo niliweza kuondoka. Waliokuwa na haja ya kulilia zaidi ni mafundi, makarani na wapakiaji mizigo waliokuwa wamelitumikia shirika miaka ishirini na zaidi. Mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya ulifikiwa mwaka 1984, kwa usuluhishi wa Bwana Victor Umbricht wa Uswisi, na kila nchi ikabeba jukumu la mafao ya watu wake. Hata hivyo nchini Tanzania wastaafu wale waliendelea kudai mahakamani kwa miongo mingi, wengine wakafariki madai yao yangali katika mafaili. Tangu hapo nilifahamu kwamba kuujua mshahara hakutoshi. Mfanyakazi wa shirika linalovuka mipaka hana budi kujua, siku ile ile anayoandika jina lake, ni mlango wa nani atakaoubisha shirika litakapokuwa halipo, au litakapokuwapo na kusema kwamba halimjui.

Nchi za Ghuba zilikuwa zikihitaji marubani, nami nikaenda. Sitaki nizitaje kwa ubaya, maana wema niliouona huko ni mwingi: mshahara ulifika kwa siku yake, ndege zilitunzwa vizuri, na kila tulipolala Maskati niliwakuta wazee waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 wakizungumza Kiswahili safi, wakatukaribisha kahawa na halua na kutuuliza habari za miji ambayo baadhi yao hawakuiona tena. Lakini mkataba wetu ulikuwa wa miaka miwili miwili. Nyumba ilikuwa ya mwajiri. Kibali cha kukaa kilikuwa chini ya jina la mwajiri. Na chama cha wafanyakazi hakikuruhusiwa. Kazi ikikoma, nyumba, ukaazi na shule ya mtoto vilikoma pamoja nayo, na mtu alipewa siku chache za kufunga mizigo. Mambo hayo yote yaliandikwa wazi katika mkataba, na kila mmoja wetu aliyatia sahihi kwa hiari yake.

Usiku mmoja, nikiwa nimekwisha kuwa kapteni, nilipangiwa safari na rubani msaidizi aliyekuja kazini akiwa na mafua makali. Alisema ni vumbi tu. Tulipanda salama, tukaenda salama, lakini tulipoanza kushuka nilimwona akibana pua kwa vidole viwili na kupuliza kinywa kikiwa kimefumbwa, kama tufundishwavyo, na sikio lake la kushoto likakataa kufunguka. Alirudia mara ya pili na ya tatu. Katika mwanga hafifu wa saa za ndege niliona machozi yakimteremka mpaka kidevuni, na mkono wake wa kulia ungali umeshika karatasi ya ukaguzi wa kutua, akijaribu kunisomea mistari ambayo hakuweza tena kuisikia nikiijibu. Nilimwomba mwongozaji wa ndege aturuhusu kushuka polepole, nikatwaa redio pamoja na usukani, tukatua. Abiria walishuka wakitushukuru. Nilipomuuliza, tumebaki wawili, kwa nini hakusema kwamba ni mgonjwa, alinijibu: "Kapteni, mkataba wangu unaisha mwezi wa Machi, na siku za ugonjwa nilizonazo zimekwisha kuandikwa."

Sikupata la kumwambia, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Sheria za anga za nchi ile, kama za nchi nyingine, zilimkataza rubani mgonjwa kuruka. Mkataba wake ulimfundisha kwamba kuitii sheria hiyo kuna gharama. Ndipo nilipoacha kuamini kwamba masharti ya ajira ni shauri la rubani na mwajiri wake peke yao. Kila abiria aliyekuwa nyuma yetu usiku ule alikuwa na hisa katika mkataba ule, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba upo. Sheria za Ulaya za leo humwekea rubani kikomo cha saa 100 za kuruka katika siku 28 na saa 900 katika mwaka, na ni sheria njema. Lakini kikomo cha saa hakimlindi mtu aliyelala vibaya jana, ama aliyefiwa, ama mwenye mafua. Kinachomlinda huyo ni uwezo wa kusema "leo siwezi" na kuwa na kazi yake kesho.

Miaka yangu ya mwisho kazini niliipitisha katika shirika la Ulaya, ndilo hili ambalo habari yake imeniamsha, na huko kwa mara ya kwanza nikawa mwanachama wa chama cha marubani chenye nguvu, kisha nikachaguliwa katika kamati yake. Haukupita muda shirika likatangaza kituo katika nchi nyingine. Tuliitwa katika chumba cha mikutano, na afisa wa utumishi, mtu mpole na mwenye adabu, akatuwekea mezani nakala ya mkataba uliokusudiwa kwa marubani wa huko. Mwajiri aliyetajwa katika ukurasa wa kwanza hakuwa shirika, bali wakala wa ajira aliyesajiliwa katika nchi ya tatu, ambako hapakuwa na ndege wala abiria. Malipo yalikuwa ya saa za kuruka tu, kwa hiyo siku ambayo ndege imeharibika, ama ukungu umefunga uwanja, ama mtu amekaa nyumbani amevaa sare akingoja simu, ilikuwa siku isiyo na ujira. Sare ilikatwa katika mshahara. Kituo chenyewe kingeweza kubadilishwa kwa taarifa fupi, mtu akahamishwa na wanawe kama kiti cha ofisi. Na karibu na mwisho palikuwa na kifungu kilichosema kwamba, maadamu ndege zimesajiliwa katika nchi fulani, kazi yote ya rubani itahesabiwa kuwa imefanyika katika nchi hiyo, hata kama hajapata kulala huko usiku mmoja.

Mwenzetu mmoja katika kamati, mama aliyekuwa kapteni kabla yangu, aliisoma nakala ile mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mtu huyu akiugua huko, atampigia nani simu?" Afisa alifunua kurasa, akasoma, akafunua tena, akasema atauliza.

Hoja aliyoirudia sana siku ile ilikuwa kwamba sisi tuliokuwa nyumbani hatuguswi na jambo lolote. Kwamba mikataba yetu itabaki kama ilivyo, na kwamba kituo kile ni cha watu wapya. Wako wenzetu walioridhika na hoja hiyo, nami siwalaumu, maana ilikuwa kweli kwa siku ile. Lakini tulipokuja kukutana tena kujadili mkataba wa hali bora za kazi, karatasi ya kwanza tuliyowekewa mbele yetu ilikuwa hesabu ya gharama ya saa moja ya kuruka katika kituo cha ng'ambo, na pembeni yake gharama yetu, pasipo maelezo yoyote. Ndege mpya ziliponunuliwa zilipelekwa huko; vyeo vya ukapteni vilivyofunguka vilifunguka huko; na kijana wa nyumbani aliyetaka kupanda daraja aliambiwa kwamba njia ipo wazi, mradi akubali kuacha mkataba wake na kuchukua ule wa wakala. Hakuna aliyefukuzwa. Mizani ilihamishwa tu, na kilichowekwa kwa ajili ya wageni kikawa kipimo cha wenyeji.

Ndiyo maana siwashangai marubani wa Aer Lingus, ambao mwezi wa Agosti mwaka 2007, shirika lao lilipotangaza kituo cha Belfast, cha kwanza nje ya Jamhuri ya Ireland, walikataa kuona marubani wa huko wakiajiriwa kwa masharti mengine, wakatangaza mgomo wa siku mbili ambao baadaye ulisitishwa. Toka Dublin hadi Belfast ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Wale watu hawakuwa wakiogopa umbali.

Mahakama nazo zimeanza kusema maneno yenye insafu. Mwaka 2006 mabwana wa sheria wa Uingereza, katika Baraza la Malodi, waliamua kesi ya marubani walioajiriwa na kampuni ya Veta ya Hong Kong, iliyomilikiwa yote na Cathay Pacific, lakini ambao kituo chao kilikuwa Heathrow na makazi yao yalikuwa Uingereza. Lord Hoffmann alifuata rai aliyoitoa Lord Denning mwaka 1978, kwamba mtu ambaye kazi yake ni kuzunguka duniani atazamwe kituo chake kiko wapi, kwa sababu ndiko aanzako na ndiko arejeako. Na kwa hiyo marubani wale walikuwa na haki ya kulindwa na sheria ya Uingereza dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Tarehe 14 Septemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaenda katika njia iyo hiyo, katika shauri la wahudumu wa ndege walioajiriwa na Ryanair na wakala wake Crewlink, waliokuwa na kituo Charleroi, Ubelgiji, na waliotakiwa kukaa mahali pasipozidi saa moja kutoka kituoni, ilhali mikataba yao ilisema kwamba kazi yao yafanyika Ireland kwa kuwa ndege ni za Ireland. Mahakama ilisema kwamba kituo ni dalili kubwa ya mahali mtu anapofanyia kazi, na kwamba uraia wa ndege hauwezi kuchukuliwa badala ya mahali hapo. Niliposoma hukumu ile nilikikumbuka kile kifungu cha karibu na mwisho wa mkataba tuliowekewa mezani, nikatamani wahudumu wale wangalikuwapo chumbani siku ile.

Hata hivyo hukumu humfikia aliye na subira, fedha na wakili. Wahudumu wale wa Charleroi walianza kudai mwaka 2011, na jibu la Mahakama hiyo lilipofika mwaka 2017 lilikuwa bado ni la kuonyesha mahakama ipi iwasikilize. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent uliotoka mwaka 2015, uliowauliza marubani zaidi ya 6,000 wa Ulaya, ulikuta kwamba zaidi ya mmoja katika kila sita hakuwa na ajira ya moja kwa moja na shirika analolirushia ndege, na hali hiyo ilikuwa imeenea zaidi kwa vijana. Vijana hao wana deni la masomo ya urubani, deni kubwa kuliko nyumba ambayo wengi wa wasomaji wangu wamepata kuijenga, na mwenye deni la namna hiyo hangoji miaka sita.

Lazima niseme pia lililo haki kwa waajiri. Si dhuluma kwa shirika kufungua kituo mahali penye abiria, wala si dhuluma kuwaajiri wenyeji wa mahali hapo, na mimi niliyepewa kazi ugenini nitakuwa mtu wa mwisho kuwafungia wengine mlango. Mshahara nao hauna budi kutazama gharama ya maisha ya mahali. Kikombe cha chai cha Lisbon hakilipwi bei ya Zurich. Ninachokikataa ni desturi ya kuchagua katika kila nchi sehemu iliyo nyonge ya sheria yake: kodi ya hapa, bima ya pale, sheria ya kufukuza ya kwingine, mpaka rubani mmoja anakuwa na mkataba ambao hauwezi kupatikana katika nchi yoyote iliyo na bunge. Kama kituo ni Ureno, basi mtu na aajiriwe kwa sheria ya Ureno yote, tamu na chungu. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2012 umeamua hivyo katika bima ya jamii, kwamba rubani na mhudumu wachangie na kulindwa katika nchi ya kituo chao, na sijasikia kwamba ndege zimeacha kuruka kwa ajili hiyo.

Mpwa wangu ni rubani. Wiki chache zilizopita alikuja nyumbani Tanga na bahasha, akaniambia: "Shikamoo mjomba. Nimepata kazi nje, nataka uisome kabla sijatia sahihi." Niliisoma yote, alasiri nzima. Mshahara ni mzuri, ndege ni mpya, na mji wa kituo ni mji ambamo kijana yeyote angependa kuishi. Jina la mwajiri si jina la shirika. Sheria ya mkataba ni ya nchi ambayo si ya shirika, si ya kituo, wala si ya mpwa wangu. Likizo ya ugonjwa haikutajwa mahali popote. Sikumkataza, kwa kuwa nami niliondoka nikiwa na umri kama wake, na nyumbani nafasi ni chache. Nilimpa karatasi, akaandika maswali yake kwa mkono wake, akayapeleka kwa wakala, na nikamsihi aandikie vilevile chama cha marubani cha shirika lenyewe, ambacho kingeweza kumjibu yale ambayo wakala hatayajibu.

Kwa vyama vyetu vya marubani vya Afrika Mashariki nina ombi. Vijana wanaofunzwa Soroti, Nairobi na Addis Ababa wanakwenda Ghuba, Asia na Ulaya kila mwaka, na mikataba wanayopewa haisomwi na mtu yeyote ila wao wenyewe, usiku wa kuamkia safari. Vyama vikubaliane kuweka mwanasheria mmoja wa kuisoma mikataba hiyo bure kwa kila mwanachama, na viwe na mawasiliano ya kudumu na vyama vya nchi za vituo, ili kijana akifika awe na jina la mtu na namba ya simu kabla ya siku yake ya kwanza ya kazi. Na kwa chama cha shirika langu la zamani, ambacho barua yake ndiyo iliyonipa kalamu: msikubali kituo kile kifunguliwe mpaka swali la yule mama lipate jibu la maandishi.